Chumvi ya Paskali

Kila jioni askari Paskali aliwapekua wafungwa kwenye lango la gereza, na kila jioni hakuona kitu. Aliwapanulisha midomo kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, akawachambua nywele, akawaamuru wainue nyayo. Kutwa nzima walikuwa ziwani wakikwangua chumvi na kuijaza kwenye magunia ya serikali. Lakini ole wake ambaye angeingia nayo ndani, hata ya kubana kwa kucha! Humo chumvi ilikuwa magendo, sawa na tumbaku, sawa na kisu.

Na wao walikuwa wameivaa.

Ujanja huo aliuanzisha Mzee Isaka, mfungwa mkongwe kutoka Mitundu. Kabla ya kurudi alijitosa ziwani kana kwamba anaoga, kisha akaliacha shati lake la marekani, pamba nzito, limkaukie mwilini njiani. Likifika gerezani lilikuwa limekakamaa kwa chumvi. Wakati wa chakula aliloweka pindo ndani ya bakuli la maharage, akalikamua. Maharage yalipata na ladha ya jasho, lakini nani angelalamika? Wenzake wote wakaiga.

Serikali ilitoa chumvi ya wafungwa. Mfungwa mwenzao Alute alijua, kwa kuwa ndiye aliyeishusha stoo kwa mabega yake mwenyewe. Ilikokwenda baada ya hapo pia alijua: mke wa Paskali alikuwa akiuza chumvi sokoni Mwankoko. Fisi kakabidhiwa bucha, halafu wanaopekuliwa ni mbuzi! Kila alipomeza maharage yale yenye ladha ya jasho, Alute alitamani kumtwanga mtu.

Lakini alijizuia. Alifungwa kwa kukataa kwenda kulima barabara ya mtemi, na kwa tabia njema alikuwa amesamehewa mwezi mmoja. Angetoka Jumatatu, kabla ya mvua za kwanza. Mkewe Damari alikuwa na mimba kubwa na shamba la uwele halijaguswa jembe. Mwezi huo mmoja ndio uliokuwa chakula chao cha mwaka mzima.

Ndipo Bwana Mkubwa, mzungu mkuu wa gereza, alipokagua stoo akakuta chumvi imepungua. Paskali akahitaji mwizi, na jioni ileile akamkuta Mzee Isaka akikamua shati.

"Wewe unakula naye bakuli moja," alimwambia Alute pembeni. "Kesho mwambie Bwana ulimwona na chumvi ya stoo mkononi. Mambo ya shati usiyataje, nitaulizwa napekua nini. Sema hivyo, Jumatatu uende zako."

Alute alikubali. Usiombe kuwekwa mahali pale. Asubuhi alisimama barazani mbele ya Bwana Mkubwa, uongo wake ukiwa tayari mdomoni. Mzee Isaka akamgeukia.

"Sema tu, mwanangu," alimnong'oneza. "Nenda ukalime."

Laiti mzee angemlaani! Upole ule ulimchoma Alute kuliko tusi.

"Bwana Mkubwa, huyu hakuiba stoo," alisema kwa sauti. "Chumvi ya stoo inauzwa sokoni. Sisi tunakamua mashati yetu ya ziwani, sote, kwa sababu chakula hakina chumvi. Onja mwenyewe."

Maharage yakaletwa kutoka jikoni. Bwana Mkubwa akaonja kidogo, akatema kwenye leso. Moyo wa Alute ukaruka kwa furaha: sasa mzungu amejua! Maskini, aliamini dhuluma ile iliishi kwa sababu tu mkubwa hajaisikia. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

"Mashati?" aliuliza Bwana Mkubwa.

Hakuuliza jingine. Mzee Isaka alihukumiwa viboko. Alute, kwa kushiriki magendo, akarudishiwa ule mwezi wa kifungo aliosamehewa. Kuanzia kesho yake wafungwa wote wangekwenda ziwani vifua wazi. Na Paskali? Paskali aliambiwa afunge stoo vizuri.

Kesho yake mzee aliingizwa ziwani mgongo ukiwa umechanika, kwenye maji yale yale ya chumvi. Aliinama akakwangua kama wengine. Alute alikwangua chumvi kwa koleo huku machozi ya hasira yakimtoka, na kama koleo lile lingefika shingoni mwa Paskali siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi.

Jumatatu Damari alikuja hajui lolote. Alibeba shati safi la mumewe na chumvi kidogo kwenye jani, ili wapike mboga ya maana siku ya kurudi kwake. Aliwakuta wafungwa wakitoka langoni kwa mstari, vifua wazi.

"Mumeo kaongezewa mwezi," Paskali alimwambia. "Magendo ya chumvi."

"Chumvi anayouza mkewe sokoni!" Alute alipaza sauti kutoka mstarini. "Yeye anauza, mimi nafungwa!"

Damari alitazama jani lile mkononi mwake. Kisha akamtazama Paskali, akalifungua, akamwaga chumvi yote mavumbini mbele ya buti zake.

"Yako hiyo," alisema. "Jana nilimpa mkeo kuku wangu wa mayai ili anipe hii. Chukua!"

Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakasimama. Mzee Isaka akatoka mstarini, akainama taratibu na mgongo wake ule, akaokota chembe, akaiweka ulimini. Wa pili akafuata. Wa tatu.

"Magendo!" Paskali alifoka, kiboko juu. "Acheni! Magendo!"

Kiboko kilishuka, na hakuna aliyeacha. Alute aliinama wa mwisho, akazoa iliyobaki. Aliinuka akamtazama mkewe, tumbo lake, na mawingu yaliyokuwa yakijikusanya nyuma yake.

"Nenda," alimwambia. "Anza kupanda, hata mistari miwili."

Kisha akalamba kiganja. Ilikuwa na mchanga mwingi. Aliila yote, huku akipigwa.