Shingo ya Kishungi

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipopita Kilakala mwaka ule ulifagia mabanda yote. Unaamka asubuhi, kimya, hakuna jogoo hata mmoja. Kwa Scholastika alibaki tetea mmoja tu, mwenye manyoya yaliyosimama kichwani, wakimwita Kishungi. Naye aliumwa, akakohoa, akaharisha kijani, kisha akanyanyuka, na nyumba nzima ikamshangilia. Watu wameshasahau, ndipo shingo ikaanza kupinda.

Jamani, ilipinda! Kichwa kiligeuka mpaka jicho moja likawa linatazama mbinguni. Akitaka kwenda mbele anarudi kinyumenyume. Akilenga punje ya mahindi anadonoa hewa, kisha anazunguka, anazunguka, mpaka anaanguka ubavu na kutapatapa.

"Hicho ni kifafa," Scholastika alisema, mikono kiunoni. "Mdondo tunaujua, unaua. Haupindi shingo. Huyu kala makombo ya sahani ile."

Hakuhitaji kusema sahani gani. Winfrida, mtoto wa pekee wa mdogo wake Eufrazia, alikuwa na kifafa tangu utotoni. Vidonge vya hospitali vilikipunguza, havikukimaliza. Kwa hiyo alikuwa na sahani yake, ya bati, ya bluu, na kikombe chake, na pembe yake ya mkeka, maana watu walisema povu la kifafa linaambukiza. Chakula alichobakiza hakuna aliyekigusa. Kilikuwa cha kuku.

Tusimwonee Scholastika. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa kila kitu na viwanda vikatoa watu nje. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Eufrazia kilipouzwa, naye akapunguzwa, ni dada yake huyu aliyemfungulia mlango wa nyumba ya marehemu mama yao, yeye na mtoto wake, wala hakuwahi kumsimanga kwa chakula. Roho alikuwa nayo. Ila alikuwa na woga, na woga wake ulikuwa na mdomo.

"Nina watoto, Eufrazia. Leo kuku, kesho nani? Winfrida apande mlimani Mgeta kwa mjomba Anselmi. Kule atapata kibanda chake."

Kibanda chake! Eufrazia alikijua kibanda hicho, kule ng'ambo ya shamba la kabichi. Ndimo walimomweka shangazi yao, naye mwenye kifafa, wakawa wanamsukumia chakula kwa mlango nusu wazi hadi alipokufa. Na Winfrida yuko darasa la saba, kichwa chake kinachemka, mwalimu wake mwenyewe anasema atafaulu.

"Haendi," alisema. "Kuku huyu ana mdondo, hana kifafa. Nitamuuguza apone, na sahani ile tutaitupa. Akinifia mikononi, nitampandisha mwanangu mimi mwenyewe."

Maneno yakishatoka yametoka. Alipokaa chini alijiuliza. Mama gani anamweka mtoto wake dau juu ya kuku?

Alimfunga Kishungi ndani ya kanga, akaenda naye kwa Fransisko. Huyu alikuwa bwana mifugo wa serikali, naye kapunguzwa, sasa anauza dawa za mifugo kwenye kibanda karibu na soko. Fransisko alimgeuza kuku huku na huku.

"Mdondo huo, mama. Umempanda kwenye ubongo. Wengine hupona, wengine hubaki hivyo hivyo maisha. Dawa ya kuuondoa sina, na atakayekwambia anayo anakudanganya. Nina vitamini. Kazi kubwa ni kumlisha, kwa sababu shingo haimuui. Njaa ndiyo itamuua."

"Na kifafa cha mtu je? Hakiwezi kumwingia?"

"Kifafa hakimwambukizi hata mtu, sembuse kuku."

Eufrazia alilishika hilo la njaa. Kiwandani kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika mashine ikiwa inakwenda, kwa hiyo vidole vyake vilijua kusubiri. Alimtengenezea Kishungi tenga, akalizungushia kanga iliyokunjwa iipe shingo mahali pa kulala. Alimfungua mdomo kwa kidole kidogo, akamtilia vitonge vya pumba iliyolowa na mchicha, na dagaa aliyemtafuna kwanza yeye mwenyewe. Maji alimpa kwa kijiko, tone kwa tone, asije akapaliwa. Kuku alimtemea. Ute ulimtiririka mpaka kwenye viwiko, akawa anafuta kwa kanga na kuendelea. Kisha alimkanda shingo taratibu mpaka inyooke, naye akimwachia tu, hiyo inarudi palepale.

"Mchinje, tukusaidie kula," majirani walimtania wakipita.

"Kaleni mdondo wa kwenu!"

Kuna asubuhi alimkuta kalala ubavu, miguu kainyoosha, jicho limefunikwa na utando. Eufrazia aliona mlima wote wa Uluguru unamwangukia. Alimnyakua, akamweka kifuani, akamdondoshea maji yenye vitamini, akamsemesha kwa ukali kama anayemgombeza mtu. "Hufi! Unasikia wewe? Hufi!" Kishungi akameza. Siku hiyo Eufrazia hakufua, hakupika, hakwenda popote.

Wiki zikapita hivyo. Kishungi akaanza kusimama. Akadonoa akakosa, akadonoa akakosa, halafu akapata. Na mchana mmoja Eufrazia alitia mkono kwenye tenga akakuta yai la moto. Weee! Vigelegele alivyopiga vilimtoa Scholastika jikoni, mwiko wa ugali mkononi.

"Mbona bado kapinda?" Scholastika aliuliza.

"Anakula mwenyewe, anataga. Sasa unataka aimbe?"

"Ulisema apone. Huyo kapinda."

Wakashikana kwa maneno hapo uani, huyu kaja juu, yule kaja juu. Winfrida alikuwa amekaa kwenye pembe yake ya mkeka, chakula kimeshapakuliwa. Aliwasikiliza weee, mwisho akasema bila kuinua macho.

"Mama, hata akinyooka, wewe utakula na mimi?"

"Swali gani hilo?"

"Kishungi amekutemea mwili mzima hukuogopa. Unamtafunia dagaa, unamtia mdomoni. Mimi sahani yangu unaiosha peke yake, huko nje, kwa maji yake."

Eufrazia aliitazama sahani. Siku zote hizi alikuwa akimlaumu dada yake moyoni, lakini sahani ile ya bluu nani aliinunua? Ni yeye. Alikwenda sokoni kwa miguu yake akaichagua ya rangi tofauti na nyingine zote, ili isije ikachanganyika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alimweka Kishungi chini. Akanawa mikono, akaja akaketi kwenye pembe ile ya mkeka, goti kwa goti na mwanawe. Akamega ugali upande ule ule alioumega Winfrida, akachovya kwenye mchuzi wake.

"Eufrazia!" Scholastika alipiga ukelele, mwiko ukamponyoka. "Usiniletee mambo mdogo wangu, tema!"

Eufrazia alitafuna, akameza.

"Tulia, dada. Subiri uone. Shingo ikinipinda mimi, tutapanda Mgeta wote wawili na mjomba atatupa kibanda kimoja. Isipopinda, mtoto huyu haendi popote."

Scholastika alisimama pale akimtazama shingoni. Hakuokota mwiko. Kishungi, aliyekuwa akizunguka uani, alifika ukingoni mwa mkeka akadonoa chembe ya ugali, akaikosa, akairudia.

Winfrida alishika ukingo wa sahani ya bluu, akaisogeza ikae katikati yao. Woga wa miaka hautoki kwa tonge moja. Eufrazia akamega la pili.