Fainali ya Ligi Iliyokufa

TANGAZO RASMI NA LA MWISHO. Kwa wananchi wote watukufu wa Migori, Homa Bay na vitongoji vyake. Kwa wachezaji, mashabiki, wanaodai na wanaodaiwa: Bodi Kuu ya Ligi ya Kando ya Ziwa, baada ya kikao kirefu kilichojaa hekima, inatangaza kwamba fainali iliyoahirishwa itachezwa Jumamosi hii saa tisa alasiri katika uwanja wa Mzee Nchagwa. Madeni yote ya Ligi yatalipwa mkononi kabla ya filimbi ya kwanza. Watakaotilia shaka watachukuliwa hatua.

Tangazo hilo lilibandikwa kwa uji kwenye mlango wa mashine ya kusaga unga, nje kidogo ya mji wa Migori, asubuhi ya Jumanne. Kufikia saa nne kuku alikuwa ameshadonoa nusu ya neno "hekima". Bodi Kuu haikuwa na habari, wala isingeweza kuwa nayo. Ilikuwa imefilisika tangu Machi, ofisi yake ya Homa Bay ikafungwa, na mwenye nyumba akabeba viti.

Aliyeandika tangazo hakujulikana. Tuseme tu kwamba nyumbani kwa Mzee Nchagwa kulikuwa na mjukuu wake Linet, msichana wa kidato cha tatu aliyekuja likizo ya Agosti, mtulivu, mcha Mungu, ambaye shule ya bweni ilikuwa imemfunza mambo mengi, baadhi yake yakiwa kwenye silabasi.

Linet alipofika likizo alikuta kiti cha Babu kimehamishwa. Miaka yote kilikaa mbele ya nyumba, kikitazama uwanja. Sasa kilikuwa nyuma, kikitazama choo.

"Nyanya, kwani Babu amefanya nini na kiti?" aliuliza.

"Hataki kuuona," Nyanya Gesare akajibu, akipepeta mahindi. "Anasema akiutazama kifua kinambana."

Babu alikuwa fundi wa mawe kwa miaka thelathini. Uwanja ule aliujenga mwenyewe: ukuta, lango la chuma, na jukwaa la ngazi saba lenye paa la mabati. Ligi ilipokuja kuukodi alivaa koti la harusi yake kutia sahihi. Msimu wa kwanza walilipa kidogo. Msimu wa pili walilipa ahadi. Kisha wakafa, fainali ikiwa haijachezwa, na Babu akatia kufuli langoni. "Hakuna mguu utakaokanyaga hapa mpaka nilipwe," alisema. Nyasi zikafika magotini. Sasa jirani yake Mokua, mkulima wa miwa, alikuwa amekubaliana naye kwamba Jumatatu angeleta trekta, alime uwanja wote apande miwa.

Linet alitembea kwenye miwa akilini mwake, akatafuta jukwaa, hakuliona. Ilibaki wiki moja tu. Kama watu wangekuja, Babu angekumbuka uwanja ni wa nini. Lakini Babu hangefungua lango bila malipo, na ndiyo maana mwandishi yule asiyejulikana aliongeza ile sentensi ya madeni. Kisha akalipiga tangazo picha kwa simu ya Nyanya, akalituma kwenye vikundi vyote vya mashabiki.

Jumatano Babu alirudi kutoka kusaga unga bila unga. Alikuwa amesahau gunia huko. Alichukua fyekeo, akalinoa, akafungua kufuli, akaingia uwanjani peke yake na kujifungia ndani. Jioni walimsikia akipiga mluzi.

"Msikie mume wangu," Nyanya akamnong'oneza Linet. "Tangu Machi huyo hajapiga mluzi."

Linet aliusogeza ugali wake pembeni. Alikuwa ametaka watu waje. Hakuwa amefikiria kwamba Babu angengoja pesa kwa furaha namna hiyo.

Alhamisi Babu alienda kuchukua gunia lake, na aliporudi hakupiga mluzi tena. Linet alitaka kumwambia. Alisema, "Babu…" Babu akageuka, akangoja. "Nikuletee maji?" akamalizia. "Lete," Babu akasema. Ijumaa alipigilia vigingi, akavuta kamba, akachora mistari kwa majivu na chokaa, akipiga magoti kila baada ya hatua chache kuona kama imenyooka. Linet alimshikia kamba. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya mwalimu wa jiometri, na kila hatua ilimchoma.

Jumamosi saa saba, Babu alivaa lile koti, akaketi langoni na kitabu cha risiti magotini.

Wa kwanza kufika walikuwa wachezaji na mashabiki wa Sori, mji wa kando ya ziwa, kwa lori, na ngoma, na mwanamke mrefu aitwaye Phelesia akipeperusha samaki mbuta mkavu juu ya fimbo kama bendera. Nyuma yao wakaja wapinzani wao wa Homa Bay wakiimba nyimbo ambazo mcha Mungu Linet hawezi kuzirudia.

"Mzee, fungua!" Phelesia alipaza sauti. "Tumeamka alfajiri. Hatukutoka Sori kuja kutazama kufuli!"

"Ngojeni kidogo," Babu akasema kwa upole. "Kuna mtu namngoja." Akamtazama Linet. Linet akatazama viatu vyake.

Saa tisa kasoro robo ikaja bodaboda, na juu yake Sammy, katibu wa ile Ligi, amevaa tai. Umati ukapiga makofi. Linet akarudi nyuma hatua tatu.

Sammy alishuka, akamwinamia Babu na kumpa mikono miwili. "Jaduong', mzee wangu, shikamoo. Nisamehe, sijui hata niseme nini. Hawa watu wa Bodi mpya wako wapi?"

"Bodi gani? Si wewe ndiye katibu?"

"Nilikuwa. Sikuandika lile tangazo, Mzee. Nililiona kwa simu, nikasema ala, wamefufuka bila kuniambia. Miezi sita hawajanilipa mshahara. Nimekuja nami nipange foleni."

Babu alimtazama Sammy, na ile tai, na kola iliyoshonwa upya kwa mkono. Kisha akasogea kwenye benchi.

"Keti," akasema. "Foleni yenyewe ni mimi na wewe."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Lakini Babu hakucheka. Aliufunga kitabu cha risiti, akakitia mfukoni mwa koti, akauliza, "Sammy, unajua kupuliza filimbi?"

"Nilikuwa refa kabla sijawa katibu."

"Basi vua tai."

Akasimama, akatoa ufunguo, na lango likafunguka. Watu waliingia wakipiga kelele, kisha wakapunguza mwendo walipoiona ile mistari, myeupe, imenyooka, juu ya nyasi zilizokatwa vizuri. Mtu wa Homa Bay akavua kofia. Kijana wa Sori akairuka kona ili asiichafue.

Mabao yalikuwa mawili kwa mawili, na Mokua wa miwa, aliyekuwa amekuja kupima shamba lake jipya, alikauka sauti akimtukana kipa. Wakati wa mapumziko Babu alimwita. "Mokua, trekta yako Jumatatu ipeleke kwingine."

"Na pesa zako za Ligi, Mzee?"

"Zimekufa. Nitafanyaje, nizike na uwanja?"

Kisha akapanda jukwaani mpaka ngazi ya saba, alipokuwa amejificha Linet, akatoa karatasi mfukoni. Lilikuwa ni lile tangazo. Uji ulikuwa umebanduka kwa mvua ya Jumatano usiku. Babu akaligeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na mtihani wa hesabu, wino mwekundu, thelathini na moja kwa mia, na jina la mwanafunzi kamili, pamoja na la baba yake.

"Jumatano niliamini," Babu alisema. "Alhamisi nilijua. Nikangoja uniambie."

"Na Ijumaa ukachora mistari, Babu? Kwa nini?"

"Nyasi nilikuwa nimeshakata." Aliwatazama vijana wakirudi uwanjani. "Na nilitaka kuona kama watakuja."

Linet alilia, kwa heshima zote. Babu akampa pembe ya koti ajifutie, kisha akatoa hukumu: aandike tena, ukweli mtupu, abandike kwenye mlango ule ule.

Ndiyo haya. Babu ameyasoma mpaka hapa, ameshusha miwani, na ameuliza, "Huyu Linet mtulivu na mcha Mungu unayemsema kama jirani wa mbali, ni nani?"

Ni mimi, Babu. Uji ulikuwa wa Nyanya. Thelathini na moja ni zangu. Naomba msamaha, na jioni nitakirudisha kiti mbele ya nyumba.