Timu ya Mstari wa Njano

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mstari wa njano. Ulikuwa chini kabisa ya jedwali, umebanwa na ukingo wa skrini, na kila msimu ulipokwisha ulikuwa palepale. Timu nyingine zilipanda na kushuka, hii ya njano haikusogea. Nikajiuliza, hawa wana kosa gani?

Sikumuuliza mtu. Kuuliza kwangu ni kazi. Neno hunikwama kooni, na likija kutoka, watu wameshahamia habari nyingine.

Nilikuwa nikishinda dukani kwa mjomba wangu, fundi kompyuta. Niliacha shule darasa la tano mama alipougua. Alipopona, mimi nilikuwa nimeshalizidi dawati, basi mjomba akasema nije nimsaidie. Duka lenyewe chumba kimoja: meza ndefu yenye makovu ya moto wa kuchomelea, makopo ya skrubu, kompyuta zimelala matumbo wazi. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupuliza vumbi kwenye mashine, na kukaa mbele ya ile iliyokwisha kutengenezwa kuona kama itazima.

Hapo ndipo mchezo ulipoingia. Mwenyewe hapewi mashine yake hivihivi. Lazima ichemke kwanza, maana nyingi zikiwa baridi zinakudanganya, zikipata moto zinakata. Sasa siku moja mjomba alikuta mchezo wa besiboli ndani ya kompyuta chakavu aliyoinunua kwa ajili ya vipuri. Si ule wa kukimbizana kwenye skrini. Huu ni wa uongozi: unasajili wachezaji, unapanga kikosi, kisha unabonyeza mshale mmoja na kompyuta inacheza msimu mzima yenyewe, mechi zote za timu zote. Hakuna kilichochemsha mashine kama mshale ule. Mjomba akauhamishia mchezo kwenye flashi nyekundu, na tangu hapo kila kompyuta iliyopona ilichezeshwa misimu mpaka ijulikane ni nzima kweli. Ligi ilikuwa ileile, inahama na flashi. Leo iko kwenye mashine ya duka la dawa, kesho iko kwenye ya mwanasheria.

"Wewe bonyeza mshale tu," mjomba aliniambia. "Usiguse kingine."

Besiboli yenyewe hakuna aliyeijua. Redio, fundi msaidizi wetu, ambaye jina hilo alipewa kwa kutonyamaza, alijifanya mtaalamu.

"Ni kama mpira wa miguu," alisema, "ila miguu hawatumii."

"Basi si kama mpira wa miguu," mjomba akamjibu.

"Nimesema *kama*, bosi."

Nikabonyeza. Misimu ikapita kama kurasa zinazopeperushwa na upepo. Nilianza kuona kwamba kila msimu ukikaribia kwisha, majina kadhaa ya timu ya njano yanageuka mekundu, kisha yanapotea. Siku moja niligusa jina moja jekundu. Kikafunguka kidirisha chenye vitufe viwili, nikabonyeza cha kijani. Jina likawa jeusi. Msimu uliofuata yule mchezaji alikuwepo, na bila shaka alikuwa amebaki kwa sababu yangu.

Nikakaa nikiangalia skrini, mikono mapajani. Timu nyingine zote kompyuta ndiyo iliyozifanyia mikataba. Hii ya njano ilikuwa inamsubiri mtu. Miaka yote ile walikuwa wanaingia uwanjani bila kocha.

Basi nikaanza. Kati ya mshale na mshale nilikuwa na nafasi kidogo, na Redio alikuwa na mengi ya kusema, hakuna aliyenitazama. Maneno ya kwenye skrini sikuyajua, lakini namba nazijua, na baada ya misimu kadhaa namba zikaanza kuniambia nani ni nani. Nilielewa kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine anapiga kwa gongo, na mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Majina yao yalinishinda, nikawapa yangu. Mmoja nilimwita Mrefu. Mwingine Sukari, kwa sababu kila timu ilimtaka.

Na mmoja nilimwita Mzee, ingawa alikuja akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, sawa na mimi. Alikuwa mrushaji. Namba zake za mwanzo zilitia huruma, na mara mbili kile kidirisha kiliniuliza kama nimwache aende. Nikambakiza. Alipanda polepole, mwaka hata mwaka, kama mtu anayejifunza bila kutaka kuonekana. Mpaka mvua zinaanza, Mzee alikuwa na miaka thelathini na minane, na mimi bado kumi na tisa.

Mstari wa njano ukaondoka chini. Ukafika katikati, ukapita katikati. Tulicheza fainali tukafungwa. Tukarudi tena tukafungwa, na siku ile nilifagia duka mara mbili bila kujua.

"Hawa wa njano wamekula nini siku hizi?" Redio alishangaa akipita nyuma yangu na kikombe chake. "Zamani walikuwa godoro, kila mtu anawalalia."

Nikainama nikapuliza kibodi.

Kisha mjomba akaleta programu mpya ya kupimia mashine. Haina mchezo wala nini, inachemsha tu na kuandika joto. Akasema hii kompyuta ya mama mshonaji, mteja wetu, tutaipima kwa mchezo, ndiyo ya mwisho, halafu ile flashi ataifuta, anaihitaji kwa kazi.

Nilitaka kusema kitu. Nikachukua brashi.

Kompyuta ya mama mshonaji ilikuwa inazima kila baada ya muda mfupi. Tulipoifungua tulikuta nyuzi na vumbi la vitambaa vimejisokota ndani mpaka feni yake haizunguki. Nilivitoa kwa brashi na koleo dogo, mjomba akabadilisha feni. Nikachomeka flashi, nikaona alama ndogo mbele ya jina la Mzee, alama niliyoijua vizuri. Anastaafu msimu ukiisha.

Kwa hiyo ulikuwa umebaki msimu mmoja tu, wake na wangu. Kwa miaka mitatu namba zake zilikuwa zinaporomoka kila msimu unapofika mwishoni, mkono umechoka. Safari hii nilimweka benchi mapema, nusu ya msimu, kikosi kikipata taabu bila yeye. Tuliingia fainali kwa kuponea tundu la sindano. Fainali ni mechi saba, anayefikisha nne ndiye bingwa. Sikubonyeza mshale mkubwa, nilibonyeza ule mdogo unaocheza mechi mojamoja. Tukafika tatu kwa tatu.

Mama mshonaji akaingia, mkanda wa kupimia bado shingoni. "Fundi, imepona au imekufa? Nina sare za shule nzima humo ndani."

Mjomba akaweka kiganja ubavuni mwa mashine. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu lakini haikutetemeka. "Imepona, mama. Ingekuwa ya kuzima ingeshazima." Akaniambia, "Haya, mwanangu, zima tumpe mama mashine yake."

Mchezo ule hujihifadhi msimu ukiisha tu. Nikizima sasa, ni kama fainali haikuwepo, na Mzee anaondoka mikono mitupu.

"Mjomba, subiri."

Redio alikatika katikati ya sentensi. Nadhani hakuwahi kusikia sauti yangu ikiwa juu kiasi kile. Mimi pia.

"Kuna nini?" mjomba akauliza.

"Mechi moja. Bado mechi moja tu."

Mama mshonaji akavuta kigoda. "Mwacheni binti amalize, mimi mwenyewe nimechoka kusimama. Wetu ni wepi?"

"Wa njano," nikasema, na nikamwandika Mzee kuwa mrushaji.

Redio hakuhitaji kuombwa. Alishika bisibisi kama kipaza sauti na kutangaza kila mstari ulioandikwa kwenye skrini, ukweli na uongo pamoja. Sukari akapiga, tukapata bao moja. Wakarudisha. Mrefu akapiga mbali, tukapata la pili. Mjomba alisema anarudi kwenye kazi yake, hakurudi. Mzee alirusha na kurusha, na ule mkono wake uliopumzika nusu msimu haukuchoka.

Akabaki mpigaji wao mmoja, yule yule aliyetufunga fainali mbili zilizopita. Akikosa mara tatu, kwisha.

"Amekosa!" Redio akapiga kelele.

"Huyu naye mkubwa hivi anakosa nini?" akasema mama mshonaji, ambaye dakika chache nyuma hakujua mchezo unaitwaje.

Akakosa tena. Halafu skrini ikaganda. Mjomba akashika kichwa. Feni ikavuma, ikavuma, na mashine ile, ambayo nilikuwa nimeitoa nyuzi tumboni kwa mkono wangu, ikavuta pumzi na kuendelea.

Akakosa mara ya tatu.

Ule mstari wa njano ulipanda juu kabisa ya jedwali, ukasimama pale. Redio alirusha bisibisi ikapotelea nyuma ya kabati. Mama mshonaji alinikumbatia na mkanda wake ukaninyonga kidogo. Mjomba alikuwa anacheka na kupiga meza mpaka skrubu zikaruka makoponi. Majirani wakachungulia mlangoni wakidhani tumepata mgeni kutoka mbali.

"Jamani, nani kawafundisha hawa?" mama mshonaji akauliza.

"Hakuna," akasema Redio. "Kompyuta inajichezea."

"Kitu hakijichezei vizuri hivyo."

Mjomba alikuwa ameshaichomoa flashi. Alisimama nayo mkononi, akanitazama mimi, akatazama ule mstari, akanitazama tena.

"Si nilikuambia usiguse kingine?"

"Uliniambia, mjomba."

"Na ukagusa?"

Wote walinisubiri, hata Redio, kana kwamba nina muda wote duniani. Neno lilikuja mpaka kooni, na safari hii halikusimama.

"Usiifute," nikasema. "Timu ya njano ni yangu. Kocha wao ni mimi, na msimu ujao tunautetea ubingwa wetu."