Ilianguka Upande wa Zeyana

Katika nyumba moja ya Jang'ombe waliishi wajane wawili wa mume mmoja, na watu walikuwa wakiwatolea mfano. Himid, Mungu amrehemu, aliwaweka Zeyana na Mize kwenye ua mmoja, kila mtu na mlango wake, na alipofariki majirani walikaa wakingoja vita. Vita havikuja. Walikaa eda pamoja, wakatoka eda pamoja, wakaendelea na kazi yao ileile ya mikate ya mofa. Zeyana alichoma, Mize akauza Mji Mkongwe, kwenye maduka ya Darajani na majumba ya Malindi na Shangani.

Uhai wake, Himid ndiye aliyekuwa akiipeleka mikate kwa pikipiki. Sasa Mize alikuwa akikodi watu, na watu wa kukodi hawana haraka na mkate wa mwenzao. Mikate ilifika imepoa, wateja wakaanza kutuma ujumbe wa kulalamika kwenye simu kabla jua halijapanda. Basi asubuhi moja, wakikanda unga, Mize akasema:

"Mwenzangu, mimi nataka kuendesha mwenyewe."

Zeyana, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, alimtazama kuanzia utosini mpaka miguuni. Safari yenyewe haikuwa ndefu.

"Kwa miguu ipi?" akauliza, na wote wawili wakacheka mpaka unga ukawaingia puani.

Wakaenda kwa Kheir, fundi wa pikipiki wa mtaa wa pili. Mize alikuwa na nia ya kununua vespa, kwa kuwa vespa iko chini na mwanamke anaikalia vizuri na buibui lake. Kheir akatikisa kichwa.

"Kwa kimo, vespa itakufaa, Bi Mize. Lakini tairi zake ndogo. Mashimo ya mtaani kwetu masika yakijaa maji, itaingia yenyewe na kikapu chake, na wewe tutakutafuta. Si mnayo pikipiki ya marehemu? Nileteeni niishushe."

"Uishushe? Kwani imepanda wapi?"

"Panda uone."

Mize akapanda. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto aliyepandishwa kwenye kitanda kirefu cha besera. Kheir akaeleza kazi yake kwa vidole. Atapunguza sponji ya siti, zaidi pale mbele kwenye mapaja, ili miguu ishuke wima isitanuke. Nyuma atafunga shokapu fupi zaidi, na mbele atashusha kiasi hichohicho ili isije ikainama kama mbuzi anayekunywa maji. Mkono wa klachi atausogeza, maana vidole vya Mize navyo vilikuwa vya kimo chake. "Mguu wa kushoto ukikanyaga chini wote, na wa kulia ukagusa kwa vidole, hapo umekwisha kuwa dereva."

Pikipiki ilikuwa mali yao wote wawili. Mize akamwomba Zeyana ruhusa. Zeyana alikuwa akiosha mikono. Akaendelea kuiosha muda mrefu kuliko ilivyokuwa michafu, akaifuta kwa kanga, ndipo akasema, "Chukua. Mimi sina haja nayo."

Siku ile Mize alifurahi. Baadaye akaanza kuukumbuka ule muda wa kuosha mikono.

Akakumbuka na jambo jingine. Siku Kheir alipokuja kukata sponji uani kwao, Zeyana alitoka na birika la chai. Siti ilikuwa imevuliwa ngozi, na kwenye sponji kulikuwa na lile bonde alilolichimba Himid kwa miaka ya kukaa. Kisu cha Kheir kikapita katikati. Zeyana akaweka birika chini, akarudi ndani bila kumimina chai hata kikombe kimoja. Wakati ule Mize hakulitia maanani, macho yake yalikuwa kwenye siti.

Alijifunza kuendesha kwenye kiwanja cha mpira, Kheir akimkimbilia nyuma na kumpigia kelele. Haukupita muda mrefu akawa anaingia Mji Mkongwe mwenyewe na vikapu viwili vya mikate ya moto. Katika vile vichochoro alikuwa akisimamisha pikipiki karibu na ukuta, akiiegemeza hapo, kisha anabisha hodi. Wateja wakarudi. Alipopita Malindi wazee wa barazani walisema, "Hee, na huyu mdogo kapata chombo!" naye alijibu, "Udogo wangu haunizuii, baba."

Kisha pikipiki ikaanza kuanguka.

Mara ya kwanza Mize alitoka baada ya swala ya alfajiri akaikuta imelala uani, kioo kimevunjika, petroli imetapakaa. Zeyana alikuwa kwenye tanuri lake la mofa, mgongo huku.

"Nani kapita hapa?" Mize aliuliza kwa sauti iliyotoka vibaya kuliko alivyotaka.

"Hajapita mtu."

"Basi imejiangusha?"

Zeyana aligeuka, akamtazama, akarudi kwenye mofa. "Huenda."

Mize aliiinua kwa taabu. Alipokuwa akifuta petroli, fikra ilimjia, na ilipoingia haikutoka tena. Stendi ya pikipiki iko kushoto. Pikipiki ikisimama hulalia kushoto. Hii ilikuwa imeangukia kulia, na kulia ni upande wa mlango wa Zeyana. Kitu kinachoegemea huku kitaangukaje kule, kama hakikuvutwa?

Ikaanguka tena, upande uleule. Mjini haikuanguka hata siku moja. Jang'ombe, ndani ya ua wenye milango miwili tu, ndiko ilikoangukia.

Mize alikuwa mtu wa ibada. Alijua tangu chuoni alikosoma Kurani kwamba kumdhania mwenzio vibaya ni dhambi, na kila swala alimwomba Mungu amtoe hiyo dhana moyoni. Lakini alipotoa salamu kulia na kushoto, jicho lake lilichelewa kidogo kule kulia, kwenye ukuta wa Zeyana.

Mwisho alishindwa kukaa nalo. Akalipeleka kwa Saadiya, jirani aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona na aliyejua habari za mtaa kabla ya wenyewe.

"Imeegemea kushoto, imeanguka kulia?" Saadiya akaacha andazi likaungua. "Shoga yangu, hiyo ina mkono."

"Usiseme hivyo, Saadiya."

"Mimi sisemi. Imesema pikipiki. Mke mwenza ni mke mwenza, hata mume akiwa kaburini. Umekalia kiti cha mume wake, umekikata kwa kisu, na yeye unamwacha na moshi. Unataka akupigie vigelegele?"

"Alinipa mwenyewe."

"Alikupa kwa mdomo," akasema Saadiya. "Angalia chini, Mize. Watu hawaishii kusukuma."

Mize akaenda kuangalia chini. Na kweli, asubuhi iliyofuata, pale pikipiki ilipokuwa imesimama, karibu kabisa na stendi, palikuwa na kishimo. Kidogo, kama cha kupandia mbegu ya boga, na udongo wake ulikuwa mbichi. Mtu alikuwa amechimba.

Alikichokoa kwa kijiti akitafuta hirizi, kitambaa chekundu, sindano, lolote. Hakukuta kitu, na kutokukuta kulimtisha zaidi. Akakifukia, akakikanyaga kwa kisigino mpaka pakawa sawa, akasoma Ayatul Kursi akapuliza. Alipomaliza akasimamisha pikipiki palepale juu ya udongo aliousomea.

Alfajiri ikawa imeanguka.

Mchana kishimo kikarudi. Mize akakifukia tena, akasoma zaidi. Pikipiki ikaanguka tena. Hapo alikata tamaa na Zeyana kabisa. Chakula walichokuwa wakila sinia moja akaanza kukipakua mbali, akisema tumbo halimkai vizuri. Mlango wa uani aliokuwa akiuacha wazi akaufunga kwa komeo. Zeyana hakuuliza. Alichoma mikate, akaipanga kwenye vikapu, akaviweka nje ya mlango wa Mize kama mtu anayewekea mgeni. Na ule ukimya wake, Mize aliuhesabu kuwa ushahidi. Alishaanza kumwambia kaka yake anayekaa Mangapwani amtafutie chumba. Watamaliza kugawana vyombo, kila mtu ashike njia yake, na mtaa upate ulichokuwa ukikingoja.

Asubuhi moja aliwahi kusali, akakaa nyuma ya dirisha na taa imezimwa. Uani palianza kupata mwanga. Akamwona Zeyana akitoka na kipande cha bati mkononi. Akachutama karibu na pikipiki, mkono mmoja ameshika usukani, mwingine unakwangua udongo.

Mize alifungua mlango kwa kishindo. "Nimekukamata!"

Zeyana akainuka polepole. "Umenikamata na nini?"

"Unazika nini hapo? Sema mbele ya Mungu. Mume amekufa, mimi sina mume wa kukunyang'anya, unanizikia nini?"

"Nakuzikia?"

"Toka kwenye pikipiki yangu!"

Zeyana akaiachia. Akarudi nyuma, mikono ameinyanyua kidogo, mpaka mgongo wake ukagusa mlango wake. Mize naye alikuwa bado kizingitini pake. Katikati yao pikipiki ilikuwa imesimama, haijaguswa na mtu. Paka wa jirani akaruka kutoka ukutani, akakanyaga siti, akapita zake. Pikipiki ikatikisika kidogo, ikajifikiria, ikaenda kulia taratibu, ikaanguka miguuni mwa Zeyana.

Paka alikuwa ameshafika juu ya paa.

"Haya," akasema Zeyana. "Mshike huyo."

Aliinama akaiinua peke yake, kwa nguvu za mtu aliyezoea kuiinua. "Njoo uangalie. Njoo, sikuli." Mize akasogea. "Iko wima hii. Zamani ikilala kwenye stendi yake kama mzee kwenye kiti. Kheir kaishusha, kila kitu kiko chini, stendi imebaki ndefu ileile. Inaisukuma juu. Mimi nikichimba kishimo, mguu wa stendi unazama, inalala. Kila nikichimba, nakuta pamefukiwa. Na kila ikianguka usiku naisikia, ni mlangoni kwangu. Mara ulizoikuta imeanguka wewe ni chache."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliuliza nani kapita hapa. Kama mwizi ndiye aliyekuwa kwenye mofa." Zeyana akaipangusa siti kwa kanga. "Halafu nikaona unafukia. Nikasema, huyu hataki hata wema wangu uguse kitu chake. Nami nikakuachia dhana yako, nikabaki na yangu. Na nikwambie kweli, ile mara ya kwanza ilipoanguka, nilifurahi. Ile siti iliniuma. Hilo Mungu analijua, nalo nimeshamtubia. Lakini kuivuta, sikuivuta."

Akaingia ndani. Mikate ilikuwa tayari kwenye vikapu.

Mize aliipeleka mjini siku ile bila kujua aliyempa wala aliyemlipa. Akarudi kupitia kwa Kheir. Fundi alichuchumaa, akaitazama stendi, akajipiga kofi la paji la uso.

"Astaghfirullah! Nimeshusha mwili, nikasahau mguu. Hapa kwangu hukaa kwenye stendi ya kati, sikuona."

"Ile ya kati mimi siiwezi. Nikiivuta, inanivuta."

"Na mjini?"

"Huiegemeza ukutani."

"Basi ndiyo maana. Bi Mize, unisamehe. Hili kosa langu."

"Kosa lako ni la chuma," akasema Mize.

Kheir akaikata stendi, akaiunga upya kwa moto, akaipaka rangi. Pikipiki ikalala kushoto vizuri, ukiitikisa haisogei. Mize akarudi nayo nyumbani, akavua viatu kwenye kizingiti cha Zeyana.

"Nimekuja kutaka radhi."

Zeyana alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. "Kwa Mungu nshakusamehe. Nisingeweza kusali na wewe umo kifuani. Kwangu mimi, ningoje kidogo."

"Nitangoja."

"Mize. Ulimwambia nani?"

Mize akainamisha kichwa. "Saadiya."

"Basi mtaa wote." Zeyana akageuza punje moja ya tasbihi. "Jana hapa mlangoni mwanamke mmoja alikataa mkate wangu. Alinusa, akaurudisha kikapuni. Nikashangaa, unga ni uleule. Nenda kayarudishe maneno yako. Mimi siwezi kujisafisha mwenyewe. Atakayenisafisha ni wewe."

Mize alikwenda kwa miguu. Saadiya alikuwa akigeuza maandazi, akamkaribisha kwa macho yaliyojaa hamu. Mize akamweleza yote: sponji, shokapu, stendi, kishimo, paka. Alisema kwamba mkono wa Zeyana ulikuwa ukiinua, haukuangusha, na kwamba yeye Mize ndiye aliyekosa. Saadiya alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Wewe una moyo mzuri, shoga yangu," akasema. "Lakini kishimo, alfajiri, gizani, kwa kipande cha bati? Ya stendi nimeyasikia. Ningekuwa wewe, ningeendelea kuangalia chini."

Mize aliijua sauti ile. Ilikuwa ndiyo sauti iliyokaa naye nyuma ya dirisha, na maneno yalikuwa yake mwenyewe, yamekomaa kwenye kinywa cha mtu mwingine. Wanawake wawili waliokuja kununua maandazi walikuwa wamesimama wakisikiliza. Mmoja wao alikuwa ndiye mwenye duka la karibu na msikiti, aliyekuwa akichukua mikate kila Ijumaa.

Angeweza kuondoka na kusema ameshatimiza. Badala yake alivuta kigoda, akakaa katikati yao, akawakaribisha na wale wawili wakae.

"Hebu sikilizeni tena," akasema. "Nitaanza mwanzo, pale nilipopanda pikipiki miguu yangu isifike chini."