Kumgeuzia Turbo Mgongo

Kama kuna kazi ambayo Habumugisha hakuwahi kuiota hata akiwa na homa, ni ya kutembeza mbwa. Kwao Masisi alichunga ng'ombe tangu apate akili, na mbwa kwake walikuwa viumbe wa kulala majivuni. Kisha wenye bunduki wakaswaga ng'ombe wote, kambi ya Mugunga aliyokimbilia ikavunjwa, naye akajikuta sentinelle, mlinzi wa lango, katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja mtaa wa Himbi, Goma. Alilinda ukuta wa mawe meusi, nyumba ya vyumba sita, na mbwa watatu wenye majina ya bia: Primus, Tembo na Turbo.

Mwenye nyumba, Grégoire, alikuwa Butembo siku mji ulipobadilisha wakubwa, na tangu hapo barabara ilikatika. Alichobakiwa nacho ni simu.

"Papa Habu, usitoke ku nyumba," alikuwa akisema kila alipopiga. "Siku batasikia haina mutu wala imbwa, utakuta bameshaingia."

Hakuwa anatia chumvi. Nyumba kadhaa za jirani zilikuwa tayari na wenyeji wapya, waliofungua malango kwa kitako cha bunduki. Naye Habumugisha angekwenda wapi? Malisho yake yalikuwa ng'ambo ya vita, na kambi haikuwepo tena. Alikula hapo, akalala hapo, na mbingu aliyoiona ilikuwa na upana wa ua.

Shida ilikuwa Turbo. Dume kubwa la rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, halitaki kamba wala mkono wa mtu. Primus na Tembo walitolewa kila asubuhi hadi ziwani, huku Mama Domitille, mpishi, akishika lango. Turbo alibaki ndani, na usiku alilipiza kwa kulia mpaka alfajiri. Kilio kilifika kwenye kizuizi cha askari pale kona. Asubuhi moja mkubwa wao akaja langoni, macho mekundu.

"Muzee, ile imbwa yenye inaliaka, ikilia tena wiki hii, tunaipiga masasi. Hatulale."

"Itanyamaza, chef," alijibu Habumugisha, hali hajui anaahidi nini.

Primus na Tembo walimtikisia mkia kila mpita njia, wajinga wale. Aliyeogopwa ni Turbo. Turbo akiuawa, nyumba imekwenda, na Habumugisha yuko barabarani. Kwa hiyo ilibidi Turbo atoke, atembee, achoke, alale.

Akafanya alichokijua. Mchunga ng'ombe hukaa nyuma na fimbo yake, mnyama hutangulia. Ng'ombe hupenda hivyo, maana anajua kinachomfuata ni mtu wake. Lakini kila Habumugisha alipojipitisha nyuma ya Turbo, mbwa aligeuka meno nje, na siku ya pili mkono mzima wa shati ulibaki kinywani mwake.

"Papa, ile haiko ng'ombe!" alicheka Domitille kutoka mlango wa jiko.

"Nyamaza, mama. Kila munyama iko na mutu nyuma yake."

"Na wewe, nani iko nyuma yako?"

Swali lenyewe lilimkera kwa sababu alilijua jibu lake.

Kisha Grégoire akapiga simu, na mtandao siku hiyo ulikuwa wa kuokoteza. Habumugisha aliangusha fimbo, akazunguka ua akitafuta mahali pa kusikia, "allô, allô, patron," mgongo kwa mbwa, akili yote sikioni. Alipokata simu alimwona Domitille ameziba mdomo kwa kanga. Turbo alikuwa nyuma yake, pua karibu iguse suruali. Alikuwa amemfuata ua mzima.

Kumbe mbwa huyu hakutaka mtu nyuma yake hata kidogo. Alitaka mtu wa kumfuata.

Kuanzia hapo fimbo ilikaa jikoni. Habumugisha alitembea ua akimpa Turbo mgongo, na tusidanganyane, aliogopa. Shingo ilimwasha, na alisali Salamu Maria mfululizo. Kesho yake Turbo alikubali kamba; Habumugisha akaitupia begani ikiwa legevu, akatangulia bila kutazama nyuma. Wakatoka. Wanawake wenye madumu ya maji walipisha njia, mwendesha chukudu, ile skuta ya mbao ya mizigo, akafunga breki kwa kandambili, na Turbo akapita katikati yao akitazama visigino vya mtu mmoja tu. Usiku ule alilala fofofo.

Habumugisha alifurahi, tena alifurahi sana. Walikwenda ziwani, wakarudi. Zaidi ya hapo hakukuwa na pa kwenda, kwake wala kwa mbwa, lakini alau mnyama mmoja duniani alimwamini tena.

Ndipo asubuhi moja mkubwa wa kizuizi akawasimamisha, yeye na mbwa wote watatu.

"Ni ile yenye ilikuwa inalia?"

"Ndiyo, chef."

"Imekuwa ya muzuri sasa. Iache hapa, itatulindia."

"Chef, ni ya patron."

"Patron yako iko wapi?"

Habumugisha akawavuta Primus na Tembo karibu. Kutaja Butembo, upande wa adui, kwa watu hawa kulikuwa kujifunga kitanzi mwenyewe. Mkubwa akachukua kamba, akavuta. Turbo akakaza miguu, mdomo ukaanza kupanda juu ya meno. Mng'ate, Habumugisha aliomba moyoni, mng'ate mshenzi huyu. Kisha akaona askari mwingine ameshusha bunduki begani, akaomba kinyume chake.

"Niachie, chef. Haifuatake mutu mwenye kuivuta."

Akachukua kamba, akamgeuzia Turbo mgongo, akaingia naye mwenyewe nyuma ya magunia ya mchanga. Turbo alimfuata bila kusita. Habumugisha akamfunga kwenye nguzo ya hema, kamba ile ile nyembamba.

Halafu akatoka kinyumenyume, uso kwa mbwa, Primus na Tembo wakimkwaza miguuni. Askari walicheka wakashika mbavu kumwona mzee mzima anatembea hivyo. Hakuthubutu kugeuka. Angegeuka tu, Turbo angekata kamba amfuate, na bunduki ilikuwa bado mkononi mwa askari.

Turbo alikaa kimya, sikio zima limesimama, akingoja mgongo.