Mng'ao wa Mfuniko

Kazini walimwita Mzee wa Vitufe, na jina lilimkaa. Kampuni yao iliunda skrini za lifti, na vitufe vyake vya mviringo, vya chuma cha kuchora, vilimtamanisha kila mtu kuvibonyeza. Alijigamba kwamba kila mng'ao aliuchora mwenyewe kwenye kompyuta: duara, kivuli, mstari wa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Bosi alimwamini. Nani asingemwamini mtu anayejipiga kifua kiasi kile?

Ukweli ulikuwa jikoni kwa mama yake. Chuma alichojaribu kuchora kilitoka kama plastiki iliyopakwa majivu, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imekaribia. Basi akauegemeza ukutani mfuniko wa sufuria, ambao mama alikuwa ameusugua mpaka unameremeta, akaupiga picha kwa simu. Alisimama pembeni ili sura yake isionekane ndani yake. Picha akaikata duara, akalainisha kingo, akaweka namba juu. Kikawa chuma cha kweli, na yeye akawa bingwa.

Siku ya uzinduzi wafanyakazi waliruhusiwa kuja na jamaa zao. Mama alikaa safu ya tatu na kitambaa chake cha kichwani chenye madoa meupe, kile kile cha kila siku, maana hakukibadilisha kwa ajili ya mtu. Bosi akakuza kitufe kimoja mpaka kikajaa ukuta mzima.

Ndani ya mng'ao alikuwamo mwanamke. Ameinama, bega moja wazi, kitambaa cha madoa meupe kichwani, anasugua sufuria.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mzee wa Vitufe," bosi akauliza huku anacheka, "na huyu mama naye umemchora?"

Jasho jembamba likamtoka.

"Hapana, bosi. Hiyo ni... picha ya mtandaoni tu. Nilichukua mng'ao kidogo. Huyo mama simjui."

Simjui! Lilimtoka jepesi hivyo, mbele ya aliyemzaa. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na haikuwa tena ile ya kushikwa uongo kazini. Akajikaza kutazama safu ya tatu.

Mama, ambaye hata majirani hawajawahi kumwona kichwa wazi, alikuwa anafungua fundo la kitambaa taratibu. Akakikunja, akakisukumia ndani ya mkoba, akakaa na mvi zake nje, macho mbele, kama mgeni wa mtu mwingine.

Nafasi ya kusema ilikuwa pale pale. Hakusema. Bosi akaonyesha kitufe kingine, watu wakatulia, na mwisho wakampigia makofi.

Walirudi nyumbani, mama mbele, yeye nyuma. Walipofika mlangoni ndipo sauti ikamtoka.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini tena, mwanangu?" Alikuwa anatafuta ufunguo mkobani, chini ya kitambaa. "Ila ungeniambia unapiga picha, ningevaa vizuri."