Kisanduku cha Jina la Ukoo

Boti ilikwisha acha ufukwe wa Kibirizi, injini inakohoa, na Mwalimu Noel bado anapiga kelele katikati ya magunia.

"Manariyo! Kwenye hiyo CD kuna programu mbili za kuandikia kurasa! Kompyuta yenu imejaa, inabeba moja tu. Chagua!"

"Ipi, mwalimu?"

Akasema neno, injini ikalimeza. Wapagazi wa dagaa wakacheka.

"Dada, amesema umchague yeye," mmoja akamtania.

"Angetaka kuchaguliwa asingepanda boti," Manariyo akamjibu. Akaifunga CD kwenye pindo la khanga, akashika njia ya Mwanga, kwenye chumba cha kompyuta cha Mama Clementina.

Mwaka huo wa 2004 malori yalikuwa yakirudisha wakimbizi Burundi kila wiki, na waliopoteana wakazidi kutawanyika. Manariyo na Clementina walikuwa wamekusanya kwenye madaftari majina mia tatu ya watu wanaotafutwa, ili wayaweke kwenye ukurasa wa intaneti. Ijumaa Bwana Polycarp, afisa ustawi mzaliwa wa Uchagani, angeubeba ukurasa huo kwenye diski akaurushe mjini. Jina moja alikuwa ameliandika Manariyo mwenyewe: Hatungimana, kaka yake mkubwa. Walipoteana walipokuwa wakikimbia vita mwaka 1993, Manariyo ana miaka saba, na tangu hapo akalelewa kijijini Simbo kwa Mama Agnesi.

Akaanza na programu ya kwanza. Lo, ilikuwa na rangi! Unavuta kisanduku kwa kipanya, kinakaa unapotaka. Ulikuwamo hata ukurasa uliokwisha tengenezwa wa kutafutana jamaa: unajaza tu, wenyewe unapanga watu kifamilia. Siku mbili alijaza majina. Kila akichoka alichungulia nyuma ya ukurasa, kwenye maandishi ambayo programu inayaandika kimyakimya, akakuta jina moja limezungushiwa mistari arobaini. Yote hii ya nini? Akafuta mstari mmoja aone. Rangi ikaruka. Akaurudisha, akacheka peke yake.

Alhamisi asubuhi akaja Polycarp.

"Shikamoo, Bwana Polycarp."

"Marahaba, binti. Hebu mtafute kaka yako tuone."

Manariyo akabonyeza jina lake mwenyewe. Kioo kikaandika: *Jamaa wa ukoo huu: hakuna.*

"Umekosea kujaza. Jina la ukoo wenu ni lipi?"

"Hatuna."

"Hakuna mtu asiye na jina la ukoo! Kwetu sote ni akina Mushi, mpaka mbuzi."

"Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Mimi Manariyo, yeye Hatungimana, baba yetu Ndayikunda. Nyumba moja, majina matatu."

"Sasa mnajuanaje?"

"Kwa mlima. Tunauliza wewe ni wa mlima gani, mwana wa nani."

Polycarp akakaa. Yeye ndiye aliyeagiza kila kisanduku kijazwe. Manariyo alijaribu kukifuta kile cha ukoo. Kikagoma, ukurasa mzima ulikiegemea.

Ndipo akaifuta programu yote, ili ile ya pili ipate nafasi.

"We mtoto! Majina mia tatu! Na kesho Ijumaa!"

"Majina yamo daftarini, bwana."

Programu ya pili ilipofunguka ilikuwa weupe mtupu, kijimstari kinapepesa.

"Umeshuka kwenye gari, unapanda baiskeli," Polycarp akasema.

"Ego, ndiyo. Lakini baiskeli haitaniuliza ukoo."

Clementina akasoma, Manariyo akaandika: mlima, baba, mama, jina. Kila alama ya kuielekeza kompyuta aliyoifungua ilibidi aifunge kwa mkono wake. Alipofika mlima Gasenyi, wa kwao, akasahau kufunga alama ya herufi nene. Alipoutazama ukurasa, watu wote kuanzia hapo chini walikuwa weusi tii.

"Naona hawa wanapiga kelele," Clementina akasema.

Manariyo akapanda mstari kwa mstari mpaka akaipata alama iliyoachwa wazi. Akaifunga, wote wakatulia. Akaifungua tena kusudi, ili aone tu.

"Acha mchezo!" Polycarp akafoka. Lakini naye alikuwa amesogeza kiti. "Hebu nami nifunge moja."

Jua lilipokuwa linaingia ziwani, ukurasa ulikuwa kwenye diski.

Uliwakutanisha watu kumi na tisa. Hatungimana hakujibu, alikufa mwaka 1999. Aliyejibu, miaka kadhaa baadaye, ni binti yake Aurore, aliyekuwa Bujumbura, ambaye jina lake halifanani na la yeyote. Alijua mlima wa baba yake, Gasenyi, na jina la babu yake. Manariyo alivuka kwenda kumwona, akakaa mwezi mmoja, akarudi Simbo. Mama Agnesi alizikwa hukohuko Simbo. Clementina alifunga chumba, akafungua duka la vitenge. Polycarp alistaafu, akarudi Uchagani. Mwalimu Noel anafundisha Kipili, na alipoulizwa alisema hakumbuki alitaja programu ipi.